Soma hesabu ya Clang kabla hujalazimisha fanksheni ipachikwe

Haya, karibuni. Leo tunaichungulia Clang, kompaila ya C, ikiamua jambo moja: mwili wa fanksheni uhamishiwe pale inapoitwa (ndiyo kupachika, au inline), au iendelee kuitwa kama kawaida? Uamuzi huo una namba, na namba yenyewe unaweza kuisoma.

Fungua faili jipya, liite hesabu.c. Andika int ongeza(int a, int b), irudishe a + b. Chini yake weka main yenye argc (idadi ya agumenti za programu, isiyojulikana hadi iendeshwe), irudishe ongeza(argc, 7). Usiweke static kwanza, yaani neno linaloifungia fanksheni ndani ya faili hili tu.

Sasa nenda kwenye terminali:

clang -O2 -Rpass=inline -Rpass-missed=inline hesabu.c

Tazama jibu: cost=-35, threshold=337, yaani gharama na kikomo chake; gharama ikiwa chini ya kikomo, fanksheni inapachikwa. Matoleo hutofautiana, kwako zikipishana kidogo usishtuke.

Gharama gani hiyo iliyo hasi? Tuihesabu. Clang huanza kwa kutoa kile kitakachookolewa wito ukifutwa. Kila agumenti ni 5. Tunazo mbili, kwa hiyo 10. Amri ya kuita, 5. Halafu kuna adhabu ya wito, 25. Tumeshafika -40 na mwili wa fanksheni bado hatujaugusa. Ndani mna kujumlisha kumoja, ongeza 5. Return hailipiwi. Ndiyo hiyo -35.

Na 337? Kikomo cha -O2, kiwango cha uboreshaji tulichoomba, ni 225. Fanksheni yetu haina if wala loop, ni kipande kimoja kilichonyooka, basi inaongezewa nusu ya kikomo na desimali inadondoshwa.

Rudi kwenye main, futa argc ndani ya wito, andika 3. Endesha tena: -40. Namba zote mbili zinajulikana mapema, kwa hiyo kujumlisha kumekuwa bure. Hapa ndipo penye utamu. Gharama inapigwa kwa kila wito, si kwa kila fanksheni. Switch ndefu ikipewa namba inayojulikana, matawi yasiyofikika hayahesabiwi kabisa. Kwa hiyo mtu akikwambia “fanksheni hii ni kubwa mno,” muulize: ikiitwa kutoka wapi?

Rudisha argc, kisha weka static mbele ya ongeza. Gharama inazama chini ya -15000! Clang imeona mwitaji ni mmoja tu. Ikishapachika, nakala ya asili inafutwa, kwa hiyo programu hainenepi. Inatoa punguzo la 15000, na fanksheni ndefu ajabu zinapita humo humo.

Ukiona “too costly to inline,” usikimbilie always_inline, alama inayolazimisha fanksheni ipachikwe. Ukiiweka, ripoti itaandika cost=always, yaani hesabu yote imerukwa. Mimi huijaribu static kwanza.

Lakini usiiamini hesabu hii kupita kiasi. Inapima ukubwa, haipimi muda: kugawanya namba kamili kunahesabiwa 5 sawa na kujumlisha, wakati kwenye prosesa kugawanya ni kuzito zaidi. Ukitaka ijue wito gani una kazi nyingi, jenga programu kwa -fprofile-generate, iendeshe kwa data halisi, unganisha matokeo kwa llvm-profdata merge, kisha jenga upya kwa -fprofile-use. Wito wenye moto, yaani unaoendeshwa mara nyingi, unapandishiwa kikomo hadi 3000. Uliopoa unashushwa hadi 45.