Usiniulize Simu Inatoka Lini, Niulize Itaachwa Lini

Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Kina mama, vijana, na mafundi wenzangu mliofunga vibanda mapema ili mfike hapa, asanteni sana.

Mada niliyopewa ni tetesi za simu: ipi inakuja, itakuwa na nini, itatoka lini. Wanaonifahamu wanajua ninakoelekea, maana nimeshalisema jambo hili Ngarenaro, nikalisema Sanawari, na leo nalisema tena. Swali la simu itatoka lini ni jepesi. Swali zito, linalogusa pesa ya mtu wa Arusha, ni simu itaachwa lini. Itaacha kupokea masasisho, yaani maboresho ya mfumo na usalama kutoka kwa kampuni, mwaka gani? Hilo hakuna anayeliuliza, na ndilo linalonikosesha usingizi.

Hilo jepesi tulimalize haraka. Apple hutangaza mfumo mpya wa iPhone mwezi Juni, na simu zenyewe huzitambulisha Septemba. Tangu iPhone 5 mwaka 2012 ndiyo desturi, isipokuwa 2020 ambapo corona iliisogeza iPhone 12 hadi Oktoba. Samsung huleta simu zake kuu za Galaxy S mwanzoni mwa mwaka: S24 ilitambulishwa tarehe 17 Januari 2024, S25 tarehe 22 Januari 2025. Google ilizoea kuachia Android mpya kati ya Agosti na Oktoba, kisha mwaka 2025 ikaiwahisha, Android 16 ikatoka tarehe 10 Juni. Kwa hiyo anayekuambia kwa siri kubwa kwamba "iPhone mpya ni Septemba" hajakupa siri yoyote. Kakusomea kalenda.

Na sisemi kwamba wanaofuatilia tetesi ni waongo. Wengine wanafanya kazi ya kweli. Mwaka 2010 iPhone 4 ya majaribio ilisahaulika kwenye baa huko California, dunia ikaiona kabla ya wakati. Mwaka 2017 Apple wenyewe waliachia programu ya spika yao ya HomePod, waandishi wa programu wakaichambua, wakakuta ndani yake mchoro wa simu isiyo na kile kitufe cha duara. Ilikuwa iPhone X, zaidi ya mwezi mmoja kabla haijatambulishwa. Tetesi nzuri huzaliwa hivyo: mtu anafungua toleo la majaribio, anasoma mistari, anakuta jina la kitu ambacho bado hakijatangazwa.

Lakini kukuta jina si kukuta kitu. Na hata kampuni ikisimama jukwaani ikatangaza kwa mdomo wake, bado hujakishika mkononi. Septemba 2017 Apple walionyesha AirPower, bamba la kuchajia simu, saa na spika za masikioni kwa pamoja bila waya. Watu wakasubiri. Machi 2019 wakatangaza kwamba wameufuta mradi. Hiyo haikuwa tetesi ya mtaani, ilikuwa ahadi ya mwenye kampuni.

Sasa niwape kisa, maana bila kisa mtadhani naongea mambo ya Marekani.

Kuna kijana mmoja, dereva wa watalii, jina lake libaki kwangu. Alikuja kwangu katikati ya masika, hana safari, lakini ana akiba ya msimu uliopita. Simu yake sehemu ya kuchajia imelegea na ubao umeshaliwa na unyevu, sikuona kama ni kitu cha kutengeneza kikadumu. Nikamwambia mdogo wangu, hapa mjini kuna used nzuri, chukua sasa, Juni wageni wanaanza. Akanijibu, "Fundi, nasubiri Septemba. iPhone mpya ikitoka hizi zote zinashuka bei. Tena mpya inakuja na akili mnemba, nitaongea nayo inanipangia safari." Alikuwa ameshajisomea kila kitu. Alinitajia rangi zake, alinitajia chipu yake, alinitajia mpaka wiki itakayotoka.

Juni ikafika. Nilimwona siku moja pale Sakina, amepaki gari, nikachungulia ndani. Waya wa chaji ameukunja upande mmoja, ameufunga kwa mpira wa kufungia noti, na ule mpira ameuzungushia kishikio cha simu kwenye dashibodi, kwa sababu waya ukinyooka tu simu inaacha kuchaji. Hivyo ndivyo alivyokwenda nayo Serengeti na kurudi. Siku moja wageni wakatua uwanja wa ndege wa KIA mapema kuliko ratiba, ofisi ikamtumia ujumbe WhatsApp, simu imezima. Wageni wakakaa na mabegi yao hadi wakachoka. Hakufukuzwa, lakini safari iliyofuata akapewa mwingine, na iliyofuata hiyo pia. Mnaoishi kwa utalii mnajua safari moja ya Julai ina uzito gani.

Septemba ikafika kweli, simu ikatoka kweli. Tetesi ilikuwa sahihi kwa tarehe! Je, bei za hapa zilishuka? Hazikushuka. Na nieleze kwa nini, maana hapa ndipo wengi wanapopigwa. Huko Marekani mpya ikitambulishwa, Apple hupunguza bei ya ile ya mwaka jana siku ileile. Hapa kwetu mwenye duka alishanunua mzigo wake miezi mingi nyuma, kwa dola, akalipa usafiri na ushuru. Hawezi kukuuzia kwa hasara kwa sababu kuna mtu amepanda jukwaani California. Bei za hapa hushuka polepole, kadiri mzigo wa zamani unavyoisha na zile used ambazo wenzetu wa nje wamezibadilisha zinavyoanza kufika. Hiyo ni miezi, si siku. Anayesubiri Septemba ili anunue Septemba anasubiri kitu ambacho huku hakina mwezi.

Basi kijana akachukua mpya, iPhone 16, mwaka huo 2024, kwa pesa ambayo sitaki kuitaja mbele ya mama yake endapo yupo humu. Akafungua boksi. Akili mnemba haimo. Ilianza kuja tarehe 28 Oktoba kwa sasisho, tena kwa Kiingereza cha Marekani pekee. Na ile Siri mpya, yaani msaidizi wa sauti wa Apple, iliyotangazwa Juni, ya kuelewa ujumbe wako na ratiba yako, hiyohiyo aliyoingojea kumpangia safari, Machi 2025 Apple walisema itachelewa. Kijana amepoteza msimu kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwa ndani ya boksi.

Simlaumu hata kidogo. Namlaumu kila aliyemjaza tarehe za kutoka bila kumwambia kwamba kutangazwa ni jambo moja, kuuzwa ni jingine, na kukufikia wewe kwa lugha unayoitumia ni jambo la tatu.

Hapo kwenye lugha nisimame kidogo. Google waliweka Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti mwaka 2017. Mama yangu hajui kuandika haraka, lakini anabonyeza kile kipaza sauti na kusema "mwanangu, ndizi zimeiva, njoo", na maneno yanatokea. Hicho ndicho naita kipengele. Kwa hiyo ukisikia tetesi ya akili mnemba mpya, uliza maswali mawili tu: inajua Kiswahili? Inafanya kazi bando likiisha? Anayekuletea tetesi akishindwa kukujibu, endelea na shughuli zako.

Sasa nije kwenye lenyewe.

Juni 2025 Apple walitangaza iOS 26, mfumo mpya wa iPhone. Mitandao yote iliwaka. Watu wakajadili muonekano mpya wa kama kioo, wakajadili kwa nini wameruka kutoka 18 hadi 26. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye orodha ya simu zitakazoupokea. Inaanzia iPhone 11. iPhone XR haimo. XS haimo. XS Max haimo. Ndugu zangu, pita maduka ya hapa mjini kuanzia Mnara wa Saa ushuke Barabara ya Sokoine uhesabu XR zilizopangwa kwenye vioo! Hiyo ndiyo ilikuwa habari ya Arusha siku ile, na hakuna aliyeitangaza. Watu waliendelea kuzinunua wakijua tu kwamba "iPhone inadumu". Ni kweli inadumu, na Apple huendelea kuzitumia simu za nyuma masasisho ya usalama kwa muda. Lakini mlango umeshaanza kufungwa, na mnunuzi ana haki ya kuambiwa hivyo kabla hajahesabu pesa.

Upande wa Android ni hivyohivyo, tena mahesabu yake ni rahisi zaidi kwa sababu kampuni husema zenyewe. Pixel 8, simu ya Google wenyewe, ilipotoka Oktoba 2023, waliiahidi masasisho ya miaka saba. Samsung wakafuata na S24, miaka saba. Hata simu ya bei ya kawaida kama Galaxy A16 wameiahidi miaka sita. Sasa sikilizeni vizuri: miaka hiyo huhesabiwa tangu simu ilipoingia sokoni duniani. Haihesabiwi tangu siku uliyolipa wewe. S24 ilitoka Januari 2024, mwisho wake ni mwanzoni mwa 2031. Ukiichukua used mwaka 2027, umenunua miaka minne, si saba. Galaxy S10 ya 2019 iliachwa 2023, na bado kuna mtu anaiuza hapa kwa maneno "kamera kali, haina mkwaruzo". Mkwaruzo si tatizo, kioo nitakubadilishia. Tarehe siwezi kukubadilishia.

Najua kuna anayesema moyoni, "Fundi, simu ikiachwa haizimi, mimi ya kwangu inapiga na kupokea." Kweli, haizimi. Lakini wewe hutumii simu kupiga na kupokea peke yake. Tarehe 1 Januari 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android za chini ya toleo la 5. Baadaye mwaka huohuo ikaziacha iPhone 5s, 6 na 6 Plus. Dada anayepokea oda za vitenge kwa WhatsApp, simu yake inapiga na kupokea, biashara imekwisha. Programu za benki nazo hupandisha toleo la chini kila baada ya muda. Na jingine kubwa zaidi: mwaka 2015 liligundulika tundu kwenye Android, likaitwa Stagefright, mtu aliweza kukutumia ujumbe wa video tu akaingia kwenye simu yako. Ndipo Google wakaanza kutoa masasisho ya usalama kila mwezi. Matundu ya namna hiyo hayajaisha kugunduliwa. Simu iliyoachwa hailetewi tena dawa, na ndani yake ndimo ilimo pesa yako ya M-Pesa, ya kikoba na ya ada ya mtoto.

Mwingine atasema mimi ni fundi, natisha watu ili waje kwangu. Ndugu yangu, ningetaka pesa yako ningekuacha ununue hizo za zamani, maana ndizo zinazonirudia kila wiki.

Mnakumbuka Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu feki. Nchi nzima, mpaka bibi kule Meru, tulijifunza kubonyeza *#06# kuona namba ya utambulisho ya simu kabla ya kulipa. Hatukuwa na shahada ya teknolojia. Tulijifunza swali moja, na muuzaji akajua tutaliuliza. Nataka swali la pili liingie hivyohivyo midomoni mwetu: hii inaishia mwaka gani? Siku wanunuzi kumi mfululizo wakiuliza hivyo dukani, muuzaji ataandika mwaka kwenye kibandiko cha bei bila kulazimishwa na mtu.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami nilikuwa na mambo mengine. La ucheleweshaji nilitaje tu: Android 15 ilifika kwenye Pixel Oktoba 2024, wenye S24 wakaipata Aprili 2025, kwa sababu kila kampuni lazima iupike mfumo upya kwa simu zake. Simu za bei ya chini husubiri zaidi, na nyingine hazipewi kabisa. Kwa hiyo ukisikia "Android mpya imetoka", usidhani imetoka kwako.

Simu za mkopo: linganisha mwezi wa rejesho la mwisho na mwaka wa sasisho la mwisho. Kama rejesho linakaribia kuipita simu, usisaini.

La betri nitalieleza kwa atakayebaki.

Sasa toeni simu. Nenda kwenye Mipangilio, shuka hadi Kuhusu simu, tafuta toleo la Android, halafu angalia tarehe ya sasisho la usalama. Wenye iPhone, nendeni Mipangilio (Settings), Jumla (General), kisha Kuhusu (About), msome namba ya toleo la iOS, maana hapo tarehe haimo, nami nitawaangalizia. Mwenye Android anayeona mwaka wa 2022 kurudi nyuma asogee hapa mbele tuangalie pamoja kama kuna sasisho linalongoja au ndiyo imeshaachwa. Mama, wewe wa kitenge cha njano, nimeuona mkono wako. Soma, sauti ya juu, imeandikwa tarehe gani?