Hajui, Hajali, au Kakana?

AMOSI: Karibu tena msikilizaji. Hapa ni Dodoma, na upepo wa leo umeleta vumbi mpaka kwenye maikrofoni. Mimi ni Amosi, mtoto wa Mvumi. Mwenzangu...

ZUHURA: Zuhura, wa Kondoa. Na leo tusizunguke, kaka Amosi. Kuna msikilizaji katuma ujumbe wa sauti. Alikwenda ofisi fulani kujaza fomu, alipofika penye "Dini" akaacha wazi. Karani akamwangalia, akachukua kalamu, akamwandikia "Mpagani".

AMOSI: (anacheka) Bila kumuuliza?

ZUHURA: Bila kumuuliza. Sasa anasema: "Sisali, sifungi, lakini sijawahi kutamka kwamba Mungu hayupo. Mimi ni nani?"

AMOSI: Mpagani siyo. Hilo niachie mimi, maana linanigusa nyumbani. Wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walifika Mpwapwa mwaka 1876, kwa hiyo neno hilo lina umri huku Ugogoni. Babu yangu mzaa baba aliitwa mpagani karibu maisha yake yote. Na babu alikuwa anaamini kuliko mimi! Mulungu hakumtoka mdomoni. Mvua ikichelewa, anachukua kibuyu cha pombe ya mtama anakwenda kwenye makaburi ya wazee, anaomba. Mtu anaomba mpaka sauti inakauka, halafu unasema haamini?

ZUHURA: Imani alikuwa nayo. Alichokosa ni cheti cha ubatizo.

AMOSI: Ndiyo hivyo. Mpagani maana yake ilikuwa "bado hajawa wetu". Haikusema chochote kuhusu kilichomo moyoni mwake.

ZUHURA: Upande wetu tunalo kafiri, na watu wanalitupa kama mawe. Mzizi wake kwa Kiarabu ni kufunika. Surat al-Hadid, aya ya 20, neno la mzizi huohuo limetumika kwa wakulima, kwa sababu mkulima anaifunika mbegu kwa udongo.

AMOSI: Kwa hiyo ikifika Desemba, Dodoma nzima...

ZUHURA: Usiniponze, tafadhali! Ninachosema ni kwamba kafiri, kwa maana yake ya ndani, ni mtu aliyeiona haki akaifunika. Ameshaijua. Sasa njoo kwenye neno la kamusi, mkanamungu. Kukana ni nini?

AMOSI: Petro alimkana Bwana mara tatu, kabla jogoo hajawika.

ZUHURA: Na alikuwa anamjua au hamjui?

AMOSI: Anamjua, wamekula wote usiku uleule. Aisee.

ZUHURA: Umeona? Mtu hukana anachokijua. Baba anamkana mwanawe, mdaiwa anakana deni. Kwa hiyo maneno yetu haya mawili yamebeba hukumu tumboni. Huyu anajua anafunika, yule anajua anaruka. Ila mtu aliyekaa, akafikiri, akatafuta, na bado hakushawishika, huyo hatujamtengea kiti.

AMOSI: Tuna "asiyeamini".

ZUHURA: Hilo ndilo la haki. Refu kidogo, lakini halimtukani mtu.

AMOSI: Hata Waingereza walikwama hapohapo. Thomas Henry Huxley, mwanabiolojia aliyemtetea sana Darwin, ndiye aliyetunga neno agnostiki mwaka 1869. Mwaka 1889 akaeleza lilikotoka. Alikuwa kwenye chama cha mijadala kule London, kila mwenzake ana jina la msimamo wake, yeye hana. Akajifananisha na yule mbweha wa hadithi aliyenasa mtegoni, mkia ukabaki huko, halafu akarudi kwa wenzake wenye mikia mirefu. Basi naye akajitengenezea mkia.

ZUHURA: Mkia unaosema "sijui".

AMOSI: Sijui, na wewe unayedai unajua kwa hakika, nionyeshe umejuaje. Huxley alikuwa mkali hapo.

ZUHURA: Sasa watu wanamdhania agnostiki yuko katikati, kama konda anayening'inia mlangoni, hayuko ndani hayuko nje. Mimi naona ni maswali mawili tofauti. Unaamini? Hilo moja. Unajua? Hilo la pili.

AMOSI: Hebu litofautishe, maana kanisani kwetu tuliyafunga kitita kimoja.

ZUHURA: Chukua baba yangu. Mvua haijagusa ardhi, yeye anapanda uwele kwenye udongo mkavu. Muulize mvua inakuja lini, atakwambia "sijui". Lakini mbegu iko chini. Jirani yake naye hajui, na mbegu yake bado iko kwenye gunia. Kutojua wako sawasawa. Mmoja ameamini, mwingine hajaamini.

AMOSI: Kwa hiyo agnostiki anaweza kuswali swala tano?

ZUHURA: Anaweza, na wapo. Mwingine hajui na haswali. Halafu yupo wa tatu, anatoka uani, anatazama mawingu, anasema mwaka huu mvua haipo, msijisumbue. Huyo ametoa dai, na dai linahitaji kutetewa. Yule wa gunia hakudai kitu. Kiswahili chetu kinawaita wote wawili wakanamungu, na mimi naona ni dhuluma.

AMOSI: Mwanafalsafa mmoja wa Uingereza, Antony Flew, mwaka 1976 aliutenganisha uateisti, yaani kutoamini Mungu, hivyohivyo. Chanya ni wa anayesema hayupo, hasi ni wa asiye na imani tu. Na mwenyewe uzeeni, mwaka 2004, akatangaza kwamba sasa anakubali kuna Mungu.

ZUHURA: Akabatizwa?

AMOSI: Wala! Mungu wake aliweka mpango wa ulimwengu, basi. Haleti ufunuo, hajibu maombi ya mtu. Dini hakujiunga nayo hata moja.

ZUHURA: Ona sasa, ana Mungu hana dini. Na kuna Wabudha, wana dini yenye mahekalu na watawa, lakini Mungu muumbaji hawamhitaji. Kwenye fomu ya yule karani wote hawa wangeandikwa neno moja.

AMOSI: Na umemsahau mtu wa Nyerere Square.

ZUHURA: Yupi?

AMOSI: Yule anayekula chipsi mayai Ijumaa mchana na Jumapili asubuhi kwa utulivu uleule. Mungu yupo? "Labda." Hayupo? "Inawezekana. Naomba pilipili." Hakani, hafuniki, hatafuti. Haimhusu.

ZUHURA: Hao ndio wengi mjini, ila kwenye harusi na misiba wanavaa kanzu. Na serikali nayo watu wanaichanganya humohumo. Nyerere alikuwa anasema serikali haina dini, watu wake ndio wenye dini. Si kwamba serikali imekana. Panda hapo bungeni, kikao kinaanza kwa dua.

AMOSI: Tena kwenye sensa serikali iliacha kuuliza dini. Mara ya mwisho ilikuwa 1967. Karani wetu ameipita serikali.

ZUHURA: Basi tumjibu msikilizaji. Ndugu yangu, hujakana, maana hujasema hayupo. Kama unaamini kimoyomoyo ila husali, wewe ni muumini asiye na dini. Kama huamini wala hudai kujua, wewe ni asiyeamini, na ni agnostiki vilevile, ukipenda mkia wa Huxley. Kwenye fomu piga mstari, ukiulizwa sema "sina". Ibara ya 19 ya Katiba inakulinda.

AMOSI: Babu hakupewa nafasi ya kupiga mstari.

ZUHURA: Kwani iliishaje?

AMOSI: Alibatizwa siku tatu kabla hajafa. Kalala, hoi, macho yamefumba. Mchungaji akauliza, "Unamkataa Shetani na kazi zake zote?" Babu akakohoa.

ZUHURA: Akakohoa?

AMOSI: Akakohoa. Shangazi akasema, "Amekubali." Wakammwagia maji, wakamwita Petro.

ZUHURA: Petro! Na majina yote yaliyopo!

AMOSI: Ndilo liko msalabani mpaka leo. Bibi hajawahi kulitamka.