Zorki 4: koki kwanza, spidi baadaye

Mwangaluka, wadau! Leo tunakagua Zorki 4, kamera ya Kisovieti ya mkanda wa filamu, kabla hela haijatoka mfukoni. Hii iliyoko mezani naiuza, kwa hiyo mnamsikiliza dalali. Nibishieni.

Lenzi inafunguka hivi, kushoto. Mgongo, funguo mbili hapa chini, zungusha, vuta, unatoka mzima. Twende.

Sasa tazameni kidole changu. Hiki kitasa cha spidi, yaani muda wa pazia kukaa wazi, kisiguswe. Koki kwanza! Yaani unazungusha hiki kingine cha kuvutia mkanda mpaka kigome, ndipo unainua cha spidi na kukizungusha. Ukibadilisha spidi kabla ya kukoki unaweza kuharibu mtambo wa ndani, na fundi wake utamtafuta mpaka Igoma. Wateja wakishika tu kamera, vidole vinakimbilia palepale, ndiyo maana nimepapiga solotepu. Narudia kwa aliyechelewa kuingia: koki kwanza.

Pazia. Ni kitambaa chenye raba kinachozuia mwanga usifike kwenye mkanda mpaka upige. Rangefainda kama hii, yaani kamera unayochungulia kwa kidirisha chake badala ya kupitia lenzi, haina kioo cha kulikinga nyuma ya lenzi, kwa hiyo lenzi ikiachwa wazi ikitazama jua, miale inakusanyika pale na kutoboa. Na jua la ziwani mnalijua, mtu yuko kwenye mtumbwi, kamera iko shingoni, kifuniko amekiacha nyumbani. Zima taa, mdogo wangu. Tochi mbele, jicho nyuma. Safi. Nakoki, naangalia tena, maana mapazia ni mawili na lile jingine linajitokeza ukishakoki... Ngoja. Hebu sogeza simu. Mnaona kile kitone cha mwanga pale pembeni? Aisee! Tundu hilo. Kila picha itakuwa na doa. Haya, bei imeshuka, mmeshuhudia wenyewe.

Washa taa. Lenzi yake ni Jupiter-8, milimita 50, f/2, imefuata muundo wa Sonnar, lenzi ya Zeiss wa Ujerumani. Kwa picha za watu mimi siibadilishi na Industar, lenzi nyingine ya Kisovieti, hata uniongezee hela. Mulika kwa kuinamisha. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hao ni fangasi, na unyevu wa huku kwetu wanaupenda. Wakishakula ule utando wa rangi juu ya kioo, haurudi. Zangu nazihifadhi kwenye ndoo ya mfuniko wa kubana pamoja na vile vipakiti vya kwenye viatu vipya.

Fokasi: zungusha lenzi mpaka mwisho wa mbali, chungulia kidirishani, lenga kona ya jengo kule kilimani Bugando. Picha mbili unazoziona mle zikilaliana, sawa. Zikiachana, omba punguzo. Bodaboda, tupishe basi!

La mwisho. Ukiletewa Leica, kamera ghali ya Kijerumani, ya dhahabu yenye nembo za jeshi la Ujerumani, fungua lenzi, chungulia ndani kwa juu. Leica halisi ina kigurudumu kidogo kinachosukumwa na lenzi. Ukikuta kipande cha chuma kama ulimi, hiyo ni kamera ya Kisovieti, FED ya Kharkov au Zorki ya Krasnogorsk, iliyopakwa na kuchongwa upya. Inapiga picha vizuri tu, ila lipa bei ya FED.

Kuweka mkanda tutafanya kesho, simu inazima.