Unasikia Kauli, Unakula Muda: Mizani ya Old School RuneScape

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kuitikia mwito. Leo nimekusudia kuupima mchezo mmoja tu, Old School RuneScape, kwa sababu tukizichukua gemu zote kwa pamoja tutaishia kuzilaani au kuzisifu bila kuzijua. Huu ni mchezo wa njozi wa mtandaoni, ambamo kila mchezaji huvaa uhusika wake katika ulimwengu wa kubuni uitwao Gielinor, akapambana na majitu na mazimwi, akafua vyuma, akapika, na akafanya biashara na maelfu ya wenzake walioingia saa hiyo hiyo. RuneScape ya kwanza ilitoka Uingereza mwaka 2001. Ilipobadilika mno kiasi cha kuwachosha wachezaji wake wa zamani, kampuni ya Jagex iliwapigisha kura, na mwaka 2013 ikaifufua nakala iliyohifadhiwa ya Agosti 2007.

Hukumu yangu naitanguliza ili mnifuate vizuri: mchezo huu unaheshimu kauli ya mchezaji kuliko mingi ninayoifahamu, lakini muda wake hauuheshimu.

Nianze na kauli. Mabadiliko makubwa hupelekwa kwanza kwa wachezaji, nao hupiga kura. Kiwango cha kupitisha jambo kilikuwa 75%, kisha kikashushwa hadi 70%. Mwaka 2019 waundaji walipendekeza stadi mpya, yaani kazi mpya ya kujifunza mchezoni, iliyoitwa Warding. Takriban theluthi mbili ya wapiga kura waliikubali, na bado ikaanguka, kwa kuwa theluthi mbili hazikufikia kiwango. Fikirieni uzito wa jambo hilo: kampuni yenye kazi yake mkononi inaambiwa na wateja wake kwamba haitoshi, nayo inaiweka kando. Mimi nauona huu kuwa ubora mkubwa kupita yote, kwani kijana anayeshiriki humo anaizoea kura yenye matokeo anayoyaona kwa macho yake.

Ubora wa pili unatuhusu sisi tunaoishi kwa bando. Mchezo huhesabu matendo kwa mapigo ya sekunde 0.6, kwa hiyo mtandao unaochelewa kidogo haumwangamizi mchezaji kama ilivyo katika michezo ya kufyatua risasi. Tangu mwaka 2018 unachezwa pia kwenye simu, kwa akaunti ile ile ya kompyuta.

Sasa tuje kwenye muda, na hapa naomba tusimame kidogo. Chukueni uvuvi. Mchezaji hulipa sarafu 30 za mchezo bandarini Port Sarim, akavuka hadi kisiwa cha Karamja, akatega dema na kungoja kambakoche. Mkoba wake una nafasi 28. Moja imeshikwa na dema, nyingine na sarafu za nauli, hivyo akibeba kambakoche 26 umejaa, naye huvuka tena kwenda kuwaweka akiba, kisha hurudi. Kila kambakoche humpa pointi 90 za uzoefu wa uvuvi. Ngazi ya 99, ambayo ndiyo kilele cha stadi, inadai pointi 13,034,431. Kwa dema peke yake, huyo ni mtu wa kuvua kambakoche zaidi ya 144,000 katika safari zaidi ya 5,500. Kibaya zaidi, akifika ngazi ya 92, pale anapodhani amekaribia, amekusanya nusu tu ya pointi hizo. Zipo njia za haraka zaidi, nakiri, lakini ngazi hiyo ya pointi ni ile ile kwa kila stadi, na stadi ni nyingi.

Palipo na kazi ndefu namna hii hapakosi mtu wa kuinunua. Katika RuneScape ya kwanza, biashara ya dhahabu ya mchezo kwa fedha halisi ilishamiri hata kati ya Desemba 2007 na Januari 2008 kampuni ikabana mno kupeana mali, na rafiki akashindwa kumzawadia rafiki yake kitu cha maana hadi mwaka 2011. Uchumi wa Venezuela ulipoporomoka, wapo raia wake waliokuwa wakiua mazimwi ya kijani mchana kutwa na kuiuza dhahabu ili wapate chakula. Siwezi kuwalaumu. Ninayemlaumu ni mwenye mchezo, anayewafungia akaunti wauzaji kama hao huku yeye mwenyewe akiuza hati ziitwazo bondi, ambazo mtu hununua kwa fedha halisi na kuzibadilisha kwa dhahabu ya wachezaji wengine. Kama wachezaji waliaminiwa kuamua kuhusu Warding, basi ile ngazi ya pointi milioni 13 nayo ingewekwa mbele yao, na kura yao ikahesabiwa.