Mfugaji Naye Awe na Karatasi

Mabibi na mabwana, hamjambo.

Tunapozungumzia nishati safi hapa Kenya, wengi hudhani safari ndiyo kwanza inaanza. Kwa upande wa umeme tumeshafika mbali: karibu asilimia 90 ya umeme tunaozalisha hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Kilichobaki ni kuuliza nani anafaidika na nani anaumia, na hapo ndipo sheria zetu zinapopwaya.

Twende Loiyangalani, kule Marsabit. Kuna mitambo ya upepo 365, yenye uwezo wa megawati 310. Ardhi iliyotengwa kwa mradi ni ekari 150,000, malisho ya Waturkana, Wasamburu, Warendille na jirani zao tangu enzi za mababu. Umeme wake husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi kituo cha umeme cha Suswa, kaunti ya Narok, ukipita juu ya manyatta ambako mama bado anapikia kuni na mtoto anasomea mwanga wa tochi.

Mimi naunga mkono mradi ule, niseme wazi. Umetupunguzia umeme wa mafuta, na barabara ya kutoka Laisamis ilitengenezwa kwa ajili yake. Lakini tazameni mikataba. Mitambo ilikuwa imesimama mwaka 2017, nyaya za serikali za kusafirisha umeme wake zikakamilika 2018. Kwa ucheleweshaji huo mwekezaji alilipwa fidia ya mabilioni ya shilingi, kwa sababu mkataba wake ulisema hivyo. Mfugaji hakuwa na karatasi ya namna hiyo. Wanajamii walikwenda mahakamani 2014, na ilikuwa Oktoba 2021 ndipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Meru, ilipoamua kwamba hatimiliki za ardhi ile zilitolewa kinyume cha sheria. Miaka saba, ndugu zangu! Na mapanga ya mitambo yanazunguka.

Njia ipo. Kifungu cha 85 cha Sheria ya Nishati ya 2019 kinagawa mrabaha, yaani malipo anayotoa mwekezaji kwa kutumia rasilimali, wa mvuke wa ardhini: asilimia 75 serikali kuu, 20 kaunti, 5 wenyeji. Tano ni kidogo mno kwa maoni yangu, ila ni haki iliyoandikwa, na mtu anaweza kuidai. Upepo na jua havimo katika kifungu hicho. Basi anayeishi penye mvuke ana fungu lake kisheria, na wa Loiyangalani anangoja hisani, kisima hapa, darasa pale.

Tulitake Bunge liingize upepo na jua katika kifungu hicho. Lakini kabla ya hapo, ardhi isajiliwe kwa jina la jamii, chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, na leseni isitolewe mpaka usajili ukamilike. Bila jamii iliyosajiliwa, hata fungu likipatikana litapokewa na wajanja wachache wenye akaunti benki. Maafisa wa usajili wapelekwe Marsabit, Turkana na Samburu, na bajeti ya kazi hiyo itengwe mwaka huu wa fedha.