Ondoka, lakini wimbo uuache

Haya vijana, Mtwara kuchele! Kaeni basi, na huyo wa spika aipunguze kidogo inapiga mluzi. Walionisikia Masasi na wale wa Lindi mtanisamehe, nitasema lile lile, na nitalisema mpaka liwaingie maana msimu wa korosho ndio huo unakuja na nyie wenyewe mnajua msimu ukifika bendi zinavyonyang'anyana watu.

Kuhama bendi si kosa. Sijasema ni kosa hata siku moja. Mzee Muhidin Maalim Gurumo, yule muimbaji wa dansi, alikuwa NUTA Jazz, ndio hao hao Msondo, tangu 1964, 1978 akaenda Mlimani Park, 1985 akaenda Safari Sound, na baadae akarudi zake Msondo akapokelewa, akaimba hapo mpaka alipostaafu 2013. Sasa tazameni jambo moja. Mtindo wa Msondo hakuubeba. Mtindo ulibaki na wenyewe, Mlimani Park wakapiga mtindo wao wa Sikinde, Safari Sound wakapiga Ndekule, na kila bendi ikabaki na chake. Hilo ndilo nalotaka mlishike, kwamba mtu anaondoka na kipaji chake lakini kilicho cha bendi anakiacha kikiwa hai.

Na cha bendi ni nini? Mtaniambia gitaa, ampu, sare. Hapana! Gitaa ukiliiba utafuatwa litarudi. Cha bendi ni wimbo. Bendi zetu hizi za huku nyimbo haziandikwi, hakuna nota, mashairi labda yamo kwenye daftari la muimbaji lakini solo, lile gitaa linaloongoza, imo kwenye vidole vya mtu mmoja tu, huyo mtu akipanda basi la alfajiri kwenda Dar basi solo nayo imepanda basi.

Mimi yamenikuta. Nilikuwa napiga besi, tumechukua kazi ya harusi Newala, advansi tumeshakula, mafuta ya gari tumeshatia. Siku mbili kabla, mpiga solo wetu simu haipatikani. Tukasema anaumwa. Tukaenda kwao Magomeni, mama yake anatutazama kwa huruma anasema jamani kwani hakuwaambieni? Kumbe yuko Dar toka jana yake. Tukaenda Newala hivyo hivyo na kijana wa gitaa la ridhimu tukamwambia wewe leo utashika solo. Sasa bwana harusi alikuwa na wimbo wake, ameuomba toka siku ya kutulipa, ndio aingie nao ukumbini na mkewe. Ule wimbo unaanza na gitaa peke yake, ngoma bado, besi bado, gitaa tu linaita. Yule kijana akagusa nyuzi, akakosea, akaanza tena, akakosea. Maharusi wamesimama mlangoni wameshikana mikono, watu wote kimya. Muimbaji ikabidi aingie bila gitaa, nami nikamfuata na besi hivyo hivyo, wameingia lakini sura ya yule bwana harusi mpaka leo naiona. Kijana wetu alilia usiku ule nyuma ya gari, na hakuwa na kosa lolote, hakuna aliyewahi kumfundisha! Ule wimbo hatujaupiga tena. Umekufa Newala.

Najua mnachosema huko nyuma. "Mzee, ukisema mapema wanakufukuza siku hiyo hiyo na hela yako hawakupi." Kweli, wapo viongozi wa hivyo, sikatai. Basi subiri ulipwe ya kazi iliyopita ndio uende ukaseme, nenda nyumbani kwake mchana, si baa, si mbele ya wenzio, mwambie kiongozi naondoka tarehe fulani, harusi zilizolipiwa advansi nitazimaliza. Na kama wanakudai au unawadai, mtafute mtu mzima mmoja akae hapo asikie. Deni lidai, tena lidai kwa nguvu. Lakini wenzio wanaobaki wakuambie nini? Yule wa ridhimu alikuwa amekudhulumu shilingi ngapi?

Zamani walau barabara ilikuwa inatusaidia. Kabla ya Daraja la Mkapa 2003, ukitoroka Mtwara unakwenda kungoja pantoni pale Ndundu kwenye Mto Rufiji, masika unalala njiani, mtu anafuatwa anakutwa yupo yupo tu, mnaongea yanaisha. Siku hizi asubuhi yuko hapa jioni yuko Dar, aibu haina muda wa kumfikia.

Nimeona pia mtu akiondoka vizuri. Mpiga kinanda wetu mmoja alipata kazi mbali, akaomba wiki tatu. Kila mazoezi anakaa na dogo mmoja, anampigia taratibu mkono wa kulia, halafu wa kushoto, anamwachia na klipu kwenye WhatsApp, "hapa usikimbie, hapa muimbaji anachelewa kuingia msubiri". Shoo yake ya mwisho walikaa wote wawili, nusu ya kwanza kapiga yeye, nusu ya pili kapiga dogo yeye kasimama pembeni anapiga makofi, watu walimtunza mpaka mfuko ukajaa. Akija likizo leo anapanda jukwaani bila kuomba.

Naonyeshwa saa. Haya, haraka haraka: usichomoke na wenzio watatu, hapo si kuhama, ni kuua bendi. Usitunge kijembe ukifika huko. Nyimbo ulizotunga mwenyewe nendeni mkaulize COSOTA, wale wa hakimiliki, sheria ipo toka 1999, hilo peke yake ni siku nzima tutaliongea siku nyengine.

Wewe mwenye shati la kijani, umeniambia pale nje unaondoka mwezi wa kumi na mbili. Ule mwanzo wa gitaa wa wimbo wenu, nani mwengine anaujua? Hakuna? Haya, njoo mbele. Na wewe dogo wa ridhimu, chukua gitaa lako, kaa hapa karibu yake. Mpigie taratibu.