Vipande Viwili vya Kupimia: Mhadhara juu ya Shali la Mtoto Lenye Mishono Miwili

Mama zangu, dada zangu na ndugu zangu wote mliofika, nawashukuru kwa kuziacha shughuli za Jumamosi mkaja kuketi nami. Wengi wenu mmeanza kufuma mkiwa wadogo, kwa hiyo sitaeleza mnyororo hufumwaje wala sindano ya kroshia hushikwaje. Nimeombwa nizungumzie shali la mtoto linalounganisha mishono miwili, yaani mitindo miwili ya kufuma, na neno langu ni lile lile ambalo baadhi yenu mmekwisha kulisikia kutoka kwangu zaidi ya mara moja: asiyefuma vipande viwili vya kupimia, yaani vipande vidogo vya majaribio vya kuhesabia mishono, kimoja kwa kila mtindo, asilianze shali. Nitalirudia leo, na nitaendelea kulirudia maadamu naletewa mashali yaliyopinda.

Mishono ninayoikusudia ni hii. Wa kwanza ni mshono wa punje, yaani mshono mfupi mmoja na mnyororo mmoja (kitanzi kitupu kisichochomwa popote) kwa kupokezana, ambapo katika safu inayofuata mshono mfupi huingia katika nafasi iliyoachwa na mnyororo. Wa pili ni ule wa mafungu, ambapo mishono mirefu mitatu huchomwa mahali pamoja, kisha fungu jingine likafuata, na safu ya juu ikajaza nafasi zilizo kati ya mafungu ya chini. Punje hutoa kitambaa kilichoshikana, kisichopitisha upepo kirahisi, nayo mafungu hutoa kitambaa chepesi kinacholegea vizuri mikononi na kukua upesi. Anayefuma kwa ajili ya mtoto wa Njombe au Makete, mahali ambapo asubuhi za Juni na Julai humfanya mama amfunike mtoto hata akiwa mgongoni ndani ya mbeleko, ana sababu nzuri ya kuitaka mishono yote miwili: punje kwa sehemu inayozunguka kifua na miguu, mafungu kwa sehemu inayoning'inia na kukunjwa.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini, kwa maana hapa ndipo mashali mengi yanapoharibika.

Miaka kadhaa iliyopita alinijia binti mmoja aliyekuwa akimfumia wifi yake shali la mtoto wa kwanza. Alilileta limekunjwa ndani ya kanga, akalitandaza mezani kwangu bila kusema neno. Nusu ya chini, iliyofumwa kwa punje, ililala kimya kama kitambaa kilichopigwa pasi. Nusu ya juu, ya mafungu, ilikuwa imejaa mawimbi kama pindo la gauni la harusi. Watu wa nyumbani walikuwa wamekwisha kumwambia kwamba hajui kuhesabu, naye aliliamini neno hilo kiasi kwamba alikuwa amejaribu kuyanyoosha mawimbi kwa pasi ya mkaa, na uzi wa akriliki, ambao hauvumilii joto kali, ukalegea na kuanza kung'aa kama plastiki. Mficha maradhi kifo humuumbua: kwa kuificha kasoro moja aliongeza ya pili, tena hii ya pili haikuwa na dawa.

Tulihesabu pamoja, tukichomeka pini kila baada ya mishono 10. Chini mishono 128. Juu mishono 128. Binti hakuwa amekosea hata mshono mmoja. Kisha nikachukua tepu. Chini sentimita 80, juu sentimita 91. Nilimwonyesha tepu na kumwambia maneno ambayo nawaambia na ninyi: hesabu yako ni sahihi, lakini mshono mmoja si sawa na mshono mwingine kwa upana, na hakuna hesabu ya mishono itakayoufanya uwe sawa.

Tazameni jinsi jambo lenyewe linavyokwenda. Kwa mkono wa binti yule, kwa uzi wa unene wa kati na sindano ya milimita 5, punje ilimpa mishono 16 katika sentimita 10, na mafungu yakampa mishono 14 katika sentimita hizo hizo. Tofauti ya mishono miwili huonekana ndogo, na ndiyo maana watu huipuuza. Lakini shali la sentimita 80 lina sentimita 10 mara nane, na kila mara tofauti hiyo hujirudia, hata mwisho wake ni mishono 16. Kwa upana ule ule, punje ilihitaji mishono 128 na mafungu yalihitaji 112. Yeye alibaki na 128 kote, na ile mishono 16 ya ziada, kwa kuwa haikuwa na mahali pa kukaa, ikainuka na kuwa mawimbi.

Tulifumua nusu yote ya juu hadi mpakani. Uzi ulioungua haukufaa kurudiwa, ikabidi anunue madonge mengine, na dukani rangi ile ile ilikuwa imetoka katika chungu kingine cha kutiwa rangi, kwa hiyo ilikuwa na weupe kidogo zaidi. Nambari ya chungu huandikwa kwenye karatasi inayolizunguka donge. Isomeni mnaponunua, na nunueni madonge yote kwa mara moja. Shali lilikamilika mtoto akiwa na wiki tatu. Lingekuwa tayari kabla hajazaliwa, kama vipande viwili vya kupimia vingefumwa kwanza.

Kuna atakayesema, na najua yumo humu ndani, kwamba kufuma vipande ni kupoteza muda na uzi. Kipande chenye sentimita 15 kila upande ni kazi ya jioni moja kwa vyote viwili, na uzi wake unaweza kufumuliwa ukatumika. Nusu ya shali lililofumuliwa ni kazi ya wiki mbili. Sioni mjadala hapa, na nasikitika kwamba bado tunaufanya. Kifumeni kipande, kifueni kama shali litakavyofuliwa, kiacheni kikauke juu ya taulo bila kukivuta, ndipo mpime sentimita 10 za katikati, si za ukingoni, kwa sababu ukingo hukaza au hulegea kwa namna yake. Wala msipime kwa kipande alichofuma jirani. Mkono wa kila mtu una mkazo wake, na kipimo cha jirani ni kweli ya jirani.

Mwingine atasema: kwa nini nisibadilishe sindano tu, punje kwa milimita 5 na mafungu kwa milimita 4.5? Hilo ni swali la haki. Kubadilisha sindano husaidia tofauti ikiwa ndogo sana. Tofauti ikiwa kama ya binti yule, utalazimika kuikaza sehemu ya mafungu hadi iwe ngumu, na ule wepesi uliokufanya uichague tangu mwanzo utakuwa umepotea. Mimi huchagua sindano kwa ajili ya ulaini wa kitambaa kinaposhikwa, na upana nauachia idadi ya mishono.

Basi mpakani, punje inapokutana na mafungu, hufanywaje? Hufumwa safu moja ya mpito, ya mishono mifupi mitupu, na ndani yake mishono hupunguzwa. Kwa shali lile lile la mishono 128, fuma mishono 6 ya kawaida, kisha miwili inayofuata ifume pamoja iwe mmoja. Fanya hivyo mara 15, na mishono 8 ya mwisho ifume kama kawaida. Unabaki na 113. Mtauliza kwa nini 113 na si 112 kama kipimo kilivyosema. Ni kwa sababu mafungu huenda kwa tatu tatu, na kila ukingo huhitaji mshono wake mmoja: mafungu 37 ni mishono 111, ukijumlisha miwili ya kingo ni 113. Mshono mmoja wa ziada katika sentimita 80 kitambaa hakitausikia, lakini fungu lililokatika ukingoni utaliona kila unapolikunja shali. Unaporudi kwenye punje, geuza mambo: mshono mmoja uongezwe baada ya kila mishono 7, mara 15, na mishono 8 ya mwisho ibaki kama ilivyo. Utapata 128, idadi shufwa, inayogawanyika kwa mbili, kama punje inavyotaka.

Kanuni ya mawimbi si siri ya wafumaji peke yao. Daina Taimiņa, mwanahisabati mzaliwa wa Latvia, alipokuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani mwaka 1997, alichukua sindano ya kroshia na kufuma uso wa haipaboli, yaani uso unaojikunja kwa mawimbi kadiri unavyopanuka, ambao wanafunzi walikuwa wakiusoma vitabuni bila kuweza kuushika. Njia yake ilikuwa kuongeza mshono mmoja baada ya idadi fulani isiyobadilika, safu baada ya safu, na kitambaa kikajikunja kwa mawimbi yaliyozidi kadiri kilivyokua. Alichokitafuta yeye kwa makusudi ndicho sisi tunachokipata bila kutaka tunapoweka mishono mingi kuliko nafasi. Namtaja kwa sababu wapo wanaodhani kwamba kazi ya uzi haihitaji akili ya hesabu, na kwamba kumtaka mfumaji apime ni kumsumbua.

Kanuni hiyo hiyo inatawala pindo, nalo pindo nitaligusa tu. Ubavuni mwa shali safu za punje ni fupi na safu za mafungu ni ndefu, karibu mara mbili. Kwa hiyo pindo liokote mshono mmoja kwenye mwisho wa safu fupi, na miwili kwenye mwisho wa safu ndefu. Kwenye pembe choma mitatu mahali pamoja. Ukiokota sawasawa kote, upande mmoja utakunjamana na mwingine utafanya mawimbi, hata kama mpaka wako wa katikati ni safi.

Naona muda umenibana, kwa hiyo yaliyobaki nayataja kwa ufupi. Mnaofuata vielelezo vilivyoandikwa kwa Kiingereza, tazameni kwanza vimetoka wapi: jina ambalo Mwingereza hulitumia kwa mshono mfupi, Mmarekani hulitumia kwa mshono mrefu. Mwenye kielelezo cha Marekani akikisoma kwa Kiingereza cha Uingereza alichofundishwa na bibi yake misheni atafuma shali jingine kabisa. Kuhusu uzi, pamba hufulika vizuri lakini ni nzito ikilowa. Sufu halisi ina joto, ila maji ya moto yataishikanisha na kuipunguza. Akriliki ni rahisi, na la pasi mmekwisha kulisikia. Msichanganye pamba upande mmoja na akriliki upande mwingine, hata kama rangi zinapendeza.

Lakini jambo moja sitalipitia juujuu. Matundu ya mafungu yasiwe makubwa kiasi cha kupitisha kidole cha mtoto, na ncha za uzi zifichwe kwa kurudishwa ndani angalau mara tatu kwa pande tofauti, kwa sababu uzi uliolegea huweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu na kukibana bila mama kujua mtoto analilia nini. Tena shali si la kumfunikia mtoto mchanga anapolala peke yake. Madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2022, wanasisitiza kwamba mtoto aliye chini ya mwaka mmoja alazwe chali, mahali pasipo blanketi wala mto. Najua mtaniambia kwamba Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na usiku ni wa baridi. Mvisheni nguo za kutosha mwilini; shali liwe la kumbeba, la kumpakata, la kumtandikia chini mchana mkiwa mnamtazama.

Vipande viwili vya binti yule bado ninavyo, alinipa mwenyewe, na viko hapa mezani pamoja na tepu na pini. Njooni wawili wawili, mpime punje kwanza kisha mafungu, mwandike idadi yenu. Waliokuja na sindano na uzi waketi upande wa dirishani penye mwanga, tuanze vipande vyenu sasa hivi.